Kadi ya Michoro ya OC: Namna ya Kuipima Mwenyewe Kabla Hujalipia Ziada

Boksi mbili ziko juu ya kaunta. Zote zimeandikwa GeForce RTX 3060, GB 12. Moja ina herufi mbili za ziada kwenye kona, OC (overclock, yaani kupandisha kasi), na bei yake imepanda. Muuzaji anakwambia, "Chukua hii kaka, imepandishwa kasi kutoka kiwandani." Hakudanganyi, imepandishwa kweli. Ila imepandishwa kiasi gani? Na hiyo kasi itadumu saa nane mchana chumbani kwako, pale feni ya dari inapozungusha hewa ya moto tu?

Natumia RTX 3060 kama mfano kwa sababu ndiyo kadi ninayoulizwa kuliko zote, mpya na mtumba. Hatua zenyewe zinafaa kwa kadi yoyote, ya NVIDIA au AMD. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: namba ya OC ndiyo kitu cha mwisho cha kukulipisha pesa. Cha kulipia ni bati la kupozea, feni, na saketi inayoilisha chipu umeme. Kwa sisi tunaoishi kwenye joto, vitu hivyo vina thamani kubwa kuliko kwa mtu anayecheza chumba chenye nyuzi joto 20.

Herufi OC inasema nini hasa

Kila chipu ina kasi iliyopangwa na mtengenezaji wake. Kwa RTX 3060, iliyotoka Februari 2021, NVIDIA waliandika kasi ya juu (Boost) ya 1777 MHz, viini 3584 (vitengo vidogo vya kupigia hesabu ndani ya chipu), memori ya GB 12 kwenye njia ya biti 192, na matumizi ya wati 170. NVIDIA hawakutoa toleo lao wenyewe la kadi hii. Zote zimetoka kwa kampuni washirika, na kila mshirika akapanga kasi yake. MSI Ventus 2X OC imeandikwa 1807 MHz. Gigabyte Gaming OC ni 1837. ASUS ROG Strix OC ni 1882.

Chukua kalamu. Kutoka 1777 hadi 1807 ni nyongeza ya asilimia 1.7. Hadi 1837 ni asilimia 3.4. Hadi 1882 ni asilimia 5.9. Mchezo unaokupa fremu 60 kwa sekunde, ukiongezewa asilimia 3.4 yote bila kupungua hata chembe, unafika 62. Na haiongezeki yote, kwa sababu kadi nyingi za OC hupandisha kasi ya chipu tu huku memori ikiachwa pale pale ilipokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halikwambii. Tangu GTX 680 ya mwaka 2012, kadi za NVIDIA hujipandisha zenyewe juu ya namba iliyoandikwa, mradi joto na umeme vinaruhusu. RTX 3060 ya kawaida kabisa, isiyo na OC yoyote, huonekana ikikimbia kati ya 1850 na 1950 MHz ndani ya mchezo. Joto likipanda, inashuka kidogo kidogo, ngazi ya 15 MHz kila mara. Kwa hiyo kadi ya kawaida yenye bati zuri la kupozea inaweza kuipita kadi ya OC yenye feni dhaifu baada ya nusu saa ya kucheza. Hilo ndilo tunakwenda kulipima.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukiwa bado nyumbani

Andika jina kamili la kadi, hadi neno la mwisho. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta kasi iliyotangazwa, toa kasi ya kawaida, gawanya, upate asilimia. Kisha fanya hivyo hivyo kwa bei. Tuseme ya kawaida ni shilingi 900,000 na ya OC ni 1,050,000. Umeombwa asilimia 16.7 zaidi ya bei kwa asilimia 3.4 ya kasi. Kama kadi ya bei kubwa ina feni tatu na bati nene, unaweza kuona sababu. Kama ni umbo lile lile, feni zile zile, herufi tu ndiyo imebadilika, hiyo 150,000 kanunulie SSD.

Angalia pia kama kasi iliyotangazwa unaipata ukiichomeka tu. MSI GTX 1060 Gaming X ya mwaka 2016 ilikuwa na kasi tatu: 1708 kwenye hali ya ukimya, 1784 ya kawaida na 1809 ya OC, na hiyo ya mwisho uliipata kwa kufunga programu yao. Juni 2016 tovuti ya TechPowerUp ilieleza kwamba kadi za ASUS na MSI zilizotumwa kwa wapimaji zilikuja zikiwa tayari kwenye kasi ya juu, tofauti na zile za dukani. Ukisoma majaribio ya watu, kumbuka hilo.

Hatua ya 2: Macho na vidole, dukani

Usiogope kuomba boksi lifunguliwe. Anza na skrubu nne zinazozunguka chipu upande wa nyuma. Vichwa vikiwa vimekwaruzwa au stika ya waranti imetobolewa, kadi imeshafunguliwa. Inaweza kuwa fundi mzuri alibadilisha pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye bati, inaweza kuwa kuna kilichofichwa; uliza. Zungusha feni kwa kidole: iende laini, isitikisike, isikwame. Tazama mafuta kwenye kingo za bati, maana pedi za memori (vipande laini vinavyopitisha joto lake hadi kwenye bati) zilizochemka muda mrefu hutoa mafuta yanayotambaa hadi kwenye bodi.

Kadi iliyokaa Unguja, Tanga, Mombasa au hapa Dar ina dalili nyingine: chumvi. Tazama bamba la chuma linaloshika matundu ya HDMI, kisha mabomba ya shaba kati ya mapezi ya bati. Kutu ya kahawia kwenye bamba ni ya kusafisha tu. Unga wa kijani kwenye shaba au, vibaya zaidi, kwenye miguu ya vipande vidogo vya bodi, iache kadi hapo hapo.

Kwa mtumba, kumbuka 15 Septemba 2022. Siku hiyo sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa, yaani kuzalishwa kwa hesabu nzito, kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu. Mara nyingi chipu yake iko salama, kilichochoka ni feni na pedi za memori.

Hatua ya 3: Iulize kadi yenyewe

Ichomeke, fungua GPU-Z, programu ya bure ya TechPowerUp. Usiamini jina lililo juu kabisa kabla hujasoma mistari ya chini. Kwa RTX 3060 halisi ya GB 12 utaona viini 3584, njia ya biti 192 na memori ya 1875 MHz, ambayo ukizidisha kwa 8 inakupa Gbps 15. Ukiona biti 128 na GB 8, hiyo ni RTX 3060 nyingine iliyotoka mwishoni mwa 2022, yenye njia nyembamba ya memori. Jina moja, kadi mbili tofauti. Ukiona viini 3840, umeuziwa chipu ya laptopu iliyopachikwa kwenye bodi ya mezani.

Upande wa AMD mtego maarufu ni RX 580. Halisi ina viini 2304. Kuna toleo linaloitwa 2048SP ambalo kwa uwezo ni sawa na RX 570, na limejaa kwenye kadi za bei nafuu kutoka China. Na kadi za zamani zilizobandikwa jina jipya kwa kubadilishiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi inayoipangia kasi), GPU-Z huziandikia neno FAKE mbele ya jina.

Sasa linganisha mistari miwili ya kasi. "Default Clock" ndiyo kasi iliyo ndani ya BIOS ya kadi. "GPU Clock" ndiyo iliyowekwa sasa hivi. Zikitofautiana, mtu amepandisha kwa programu na hiyo si OC ya kiwandani. Kwa Gigabyte Gaming OC, "Default Clock" lazima isome 1837 upande wa Boost. Ikisoma 1777, boksi na kadi havijazaliwa pamoja.

Hatua ya 4: Umeme, na hapa tafadhali usiruke

Mtoto wa dada yangu aliniletea mashine yake akilia kwamba kadi ya OC ni mbovu. Mchezo unafunguka vizuri, dakika kumi, kompyuta inazima yote. Nikafungua ubavu wa kesi, nikageuza pawa saplai nisome stika. Kwa herufi kubwa: wati 600. Chini yake, kwa maandishi ya kukodolea macho, mstari wa +12V: ampea 20. Volti 12 mara ampea 20 ni wati 240. Ndiyo wati zote alizokuwa nazo kulisha kadi na prosesa. Kadi yake ilitaka 170, prosesa karibu 80, bado feni na bodi mama. Nikamwazima pawa saplai yangu, akacheza hadi usiku. Kadi haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo soma ampea za +12V, usisome namba kubwa. NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 3060, wakimaanisha wati 550 za kweli. Tundu la bodi mama hutoa hadi wati 75, waya wa pini 6 wati 75, wa pini 8 wati 150. Kadi za OC za daraja la juu zina pini zaidi kwa sababu zinaruhusiwa kuvuta zaidi, na kadi za kizazi hiki huvuta kwa mikupuo mifupi inayozidi wastani wao. Kama mtaani kwenu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, weka UPS au stabilaiza kabla hujaweka kadi.

Hatua ya 5: Nusu saa kwenye joto lako

Hapa ndipo kadi inapojieleza. Safisha dreva za zamani kwa DDU, programu ya kuzifuta kabisa, kisha funga mpya. Funga MSI Afterburner, programu ya kusoma na kupanga kasi ya kadi, pamoja na RivaTuner ili namba zionekane juu ya skrini wakati wa mchezo. Weka kipimajoto cha ukutani karibu na kesi, funga ubavu wa kesi kama utakavyoutumia siku zote. Mtu anayepima kadi ikiwa wazi mezani, feni ya chumba inaipuliza, anapima feni ya chumba.

Kisha endesha mchezo mzito au Unigine Heaven, programu ya kupima kadi ambayo ni bure na hujirudia bila kusimama. FurMark, programu nyingine ya kuisukuma kadi, siipendi kwa kazi hii. Huivuta kadi hadi kwenye kikomo cha umeme na kasi inashuka kuliko mchezo wowote utakavyoishusha, kwa hiyo namba za kasi unazopata hazina maana.

Andika mara nne. Hivi ndivyo daftari langu lilivyosoma kwa kadi moja ya feni mbili, chumba kikiwa nyuzi joto 31: dakika ya kwanza 1965 MHz, nyuzi 48. Dakika ya tano 1935, nyuzi 66. Dakika ya kumi na tano 1905, nyuzi 74. Dakika ya thelathini 1890, nyuzi 76, na haikushuka tena. Namba ya kadi hiyo ni 1890. Ile 1965 ya mwanzo, ambayo muuzaji anapenda kukuonyesha, ilidumu sekunde chache.

Ukitaka kulinganisha na wapimaji wa Ulaya au Marekani, toa joto la chumba kwanza. Kadi yangu ilikuwa nyuzi 45 juu ya chumba. Chumba cha nyuzi 22 kingeipa karibu 67, na watu wangeisifu kwamba ni ya baridi. Kwetu ni 76, feni zinapiga kelele zaidi, na ngazi kadhaa za kasi zimeondoka. Kadi hii ina kikomo cha kujilinda cha nyuzi 83. Ukikigusa ndani ya nusu saa, OC uliyolipia haipo tena.

Wakati huo huo fungua ukurasa wa vipimo wa GPU-Z, tafuta mstari wa "PerfCap Reason". Ukisoma Pwr, kadi imebanwa na umeme. Ukisoma Thrm, imebanwa na joto. VRel maana yake imefika mwisho wa volti zake, na hiyo ndiyo hali nzuri. Tazama pia joto la sehemu moto zaidi ya chipu, linaloandikwa Hot Spot. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 na joto la kawaida ni sawa. Ikizidi 25, bati halijakaa vizuri au pesti imekauka.

Hatua ya 6: Irudishe kwenye kasi ya kawaida ujionee tofauti

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na sioni watu wakiifanya. Huhitaji kadi ya pili. Kadi yako ni 1837, ya kawaida ni 1777, tofauti 60. Kwenye Afterburner shusha kasi ya chipu kwa 60, bonyeza tiki. Sasa una kadi isiyo na OC, yenye bati lile lile.

Endesha jaribio moja mara tatu kwa kila hali, kadi ikiwa imeshapata moto. Time Spy, jaribio la programu ya 3DMark linalotoa alama, inafaa. RTX 3060 hutua karibu na 8,700 kwenye alama ya michoro. Lakini pima na mchezo wako pia, sehemu ile ile, kwa programu ya CapFrameX. Usitazame wastani pekee. Tazama asilimia 1 ya fremu za chini kabisa, maana huko ndiko mkono unakohisi mchezo ukikwama unapogeuka ghafla. Chukua namba ya katikati kati ya zile tatu.

Ukiona tofauti ya fremu moja au mbili, umeipata thamani ya OC hiyo kwa mikono yako. Ukiona fremu za chini hazijabadilika kabisa, tatizo lako liko kwenye prosesa au RAM, na hakuna kadi ya OC itakayolitibu.

Hatua ya 7: Inasimama, au inayumba?

Kasi ya kiwandani nayo huweza kuzidi. Septemba 2020, siku chache baada ya RTX 3080 kuingia sokoni tarehe 17, wanunuzi walianza kulalamika kwamba michezo inajifunga kasi ikikaribia 2000 MHz. EVGA, mmoja wa washirika wa NVIDIA, walieleza hadharani kwamba mpangilio wao wa kwanza wa kapasita (vipande vinavyotuliza umeme) nyuma ya chipu haukupita majaribio, wakaubadilisha kabla ya kuuza. NVIDIA nao wakatoa dreva 456.55 tarehe 28 mwezi huo, na kadi nyingi zikatulia. Kwa hiyo OC ya kiwandani isikufanye uruke kipimo.

Cheza saa mbili mfululizo, michezo miwili tofauti, mmoja ukiwa na miale ya mwanga (ray tracing) iliyowashwa. Mwenye toleo la kulipia la 3DMark atumie jaribio lake la uimara: mizunguko 20, na kadi inafaulu ikibakiza asilimia 97 au zaidi. Madoadoa ya rangi, pembetatu zinazochomoza, vivuli vinavyometameta, hayo ni ya memori au chipu. Mchezo ukijifunga wenyewe, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute dalili kwamba dreva imeanguka: namba 4101 au jina nvlddmkm.

Ukizikuta, shusha kasi kwa 50 kisha urudie. Tatizo likiisha, chipu yako haiwezi kubeba kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Usiishi nayo hivyo. Umelipia kasi hiyo. Irudishe ukiwa ndani ya waranti, na uende na picha za skrini.

Hatua ya 8: Kelele, halafu punguza volti

Zima feni ya chumba, kaa unapokaa siku zote, sikiliza. Mlio mwembamba kama wa mbu fremu zikipita 200 ni wa koili, hauharibu kadi, ila kama unakukera sasa utakukera zaidi usiku. Kadi nyingine zina swichi ndogo ukingoni ya BIOS mbili, moja ya OC na moja ya ukimya. Zima kompyuta kwanza ndipo uisogeze. Mara nyingi hali ya ukimya hupoteza fremu moja na kuondoa nusu ya kelele, na mimi huiacha hapo.

Mwisho bonyeza Ctrl na F kwenye Afterburner, ufungue mchoro wa volti na kasi. Jaribu kuibakiza kadi kwenye kasi ile iliyotulia ya dakika ya thelathini, kwa volti pungufu. Kwa RTX 3060 anzia milivolti 900 (mV), rudia hatua ya 7, upandishe kidogo ikiyumba. Ikikubali, joto linashuka, feni zinatulia, na kasi haitetereki tena.

Zile namba za nusu saa ziandike kwenye karatasi, pamoja na joto la chumba, uibandike ndani ya ubavu wa kesi. Februari, joto linapokuwa kali, rudia kipimo. Tofauti ya Hot Spot ikiwa imetoka 12 ikafika 25, mpigie fundi wako, mwambie aje na pesti.